Kurudisha tabasamu la upande mmoja: mwongozo wa upasuaji wa kuhamisha neva, kwa mgonjwa wa Tanga na nduguze

Huku kwetu Tanga wengi huigundua wakati wa kutawadha au kupiga mswaki. Maji ya kusukutua yanavuja pembeni mwa mdomo, chai inadondokea kifuani, na kwenye kioo upande mmoja wa uso umelegea. Miezi inapita, jicho linaanza kufumba, paji linapanda kidogo, na majirani wanasema alhamdulillahi, umepona. Lakini ukicheka, kona moja ya mdomo inapanda na ya pili inabaki palepale. Ndipo mtu anaanza kukwepa picha za harusi, na kina mama wengine wanavuta mtandio kila wakichekeshwa.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Uso wake haukupooza wote, au ulipooza wote ukarudi nusu, na kilichobaki kukosekana ni tabasamu. Kazi yangu ni kufundisha mazoezi ya viungo, na wagonjwa wa uso huniuma roho kuliko wengine, kwa sababu wengi hufika wakiwa wameambiwa "vumilia, itarudi" mpaka muda mzuri ukawapita. Nitakaa sana kwenye mambo mawili, muda na mazoezi, maana hayo yako mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake.

Hatua ya 1: Jua kilichoharibika na sababu yake

Neva ni mshipa wa fahamu, unaobeba amri ya ubongo hadi kwenye msuli. Neva ya uso ni ya 7 kati ya jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo. Inatokea kwenye fuvu nyuma ya ndewe ya sikio, inapita ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, halafu inagawanyika matawi makuu 5: la paji, la jicho na mfupa wa shavu, la shavu na mdomo wa juu, la ukingo wa taya, na la shingo. Msuli unaoinua kona ya mdomo unaanzia kwenye mfupa wa shavu, na unapokea amri kutoka matawi ya katikati. Ndiyo maana mtu anaweza kufumba jicho vizuri na bado akashindwa kutabasamu: tawi moja limepona, jingine halijapona.

Sababu ni nyingi. Inayojulikana zaidi ni kupooza kwa Bell, kunakokuja ghafla na kufikia kilele ndani ya siku 3. Karibu watu 7 kati ya 10 hupona kabisa hata bila dawa, na vidonge vya prednisolone vikianzwa ndani ya saa 72 idadi hiyo inapanda. Zipo pia mkanda wa jeshi unaotoka sikioni, usaha wa sikio wa muda mrefu, maambukizi ya VVU, kuvunjika fuvu kwenye ajali ya bodaboda, jeraha la panga au kioo shavuni, na uvimbe wa tezi ya mate au upasuaji wa kuuondoa.

Watu wa pwani tuna maelezo yetu, kwamba ni upepo, au ni kofi la jini. Sigombani na anayesomewa dua au anayekunywa kombe. Kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, na hospitali haimzuii kusomewa. Ninachoomba ni vyote viwili vifanyike siku ileile, kwa sababu hizo saa 72 haziongezeki.

Hali tatu hazisubiri. Kama mdomo umekwenda upande lakini paji bado linakunjika sawa pande zote mbili, na hasa kama mkono umelegea au maneno hayatoki, hicho huenda ni kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Kama uso umelegea polepole kwa wiki kadhaa, au kuna uvimbe mbele ya sikio, omba picha ya CT au MRI, maana kupooza kwa Bell hakuji polepole. Na kama neva imekatwa na kitu chenye ncha, mgonjwa afikishwe kwa daktari wa upasuaji ndani ya siku 3. Katika siku hizo ncha ya mbele ya neva iliyokatwa bado inajibu ikiguswa na umeme mdogo, hivyo daktari anaweza kuitafuta na kuishona moja kwa moja. Baada ya hapo inanyamaza, na kuitafuta ndani ya shavu kunakuwa kazi ngumu.

Hatua ya 2: Andika tarehe, kisha hesabu

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza andika siku uso ulipolegea, na kila mwezi andika kilichorudi: jicho, paji, mdomo, maji kuvuja. Jirekodi kwa simu ukifanya mambo manne: kufumba macho, kuinua nyusi, kutabasamu ukiwa umefunga mdomo, na kutabasamu ukionyesha meno. Simama mahali palepale penye mwanga uleule.

Sababu ni hii. Msuli usiopata amri ya neva unanywea. Kwanza unakonda, kisha nyama yake inageuka kovu na mafuta, na ukishafika huko hakuna neva itakayouamsha. Kwa uso uliopooza kabisa, wapasuaji wengi huhesabu miezi 12 hadi 18, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi 24. Tena neva iliyounganishwa leo haifiki kwenye msuli leo. Inakua kama milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi, na safari hiyo nayo imo ndani ya hesabu. Kwa hiyo mtu aliyepooza kabisa akasubiri mwaka mzima nyumbani tayari amejibana.

Wewe uliyebaki nusu una nafasi ambayo wengine hawana. Nyuzi chache za neva zilizobaki hai zinaendelea kuupa msuli amri kidogo, na kidogo hicho kinaweza kuuweka hai hata miaka ikipita. Mtu asikukatie tamaa kwa kuhesabu miezi peke yake. Anayetakiwa kujibu ni kipimo cha umeme wa misuli: sindano nyembamba inachomwa kwenye msuli, na mashine inaonyesha kama msuli uko hai na kama kuna neva inayorudi yenyewe. Kama inarudi yenyewe, daktari mzuri atakwambia usubiri, na hapo kusubiri ni matibabu.

Kanuni ninayowapa wagonjwa wangu ni rahisi: miezi 3 imepita na mdomo haujapona, omba kuonwa na bingwa. Si lazima upasuliwe. Ni kuonwa, kupimwa na kuwekwa kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Linda jicho huku ukisubiri

Hapa sitarefusha, ila usiiruke. Jicho lisilofumba vizuri linakauka, na kioo chake kinapata kidonda kinachoweza kuleta upofu. Tumia matone ya machozi bandia mchana, mafuta ya macho usiku, na funga kope kwa plasta laini kabla ya kulala. Tanga ni mji wa baiskeli na upepo wa bahari, kwa hiyo miwani inayofunika pembeni ni ya lazima ukiwa barabarani. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Pata rufaa

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya, mpaka Bombo, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kutoka hapo njia mbili za kawaida ni Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Ukitoka stendi ya Kange zote mbili zinapitia Segera, halafu zinaachana. Umbali nao haupishani sana, kwa hiyo chagua kwa kuangalia una ndugu wa kukupokea wapi. Upasuaji huu una kurudi kliniki kwingi, na malazi humaliza pesa kuliko nauli.

Ukiingia kwa daktari usiseme "uso umepooza" ukanyamaza. Sema hivi: "Daktari, uso wangu ulilegea mwezi wa tatu mwaka jana. Jicho sasa linafumba, ila mdomo haupandi nikicheka. Naomba rufaa kwa bingwa anayefanya upasuaji wa neva ya uso, na kipimo cha umeme wa misuli." Sentensi kama hizo zinafupisha safari. Kama mgonjwa ni bibi au babu anayeona haya kueleza, mjukuu aombe ruhusa kwanza: "Shikamoo bibi, nikusemee kwa daktari?" Amsemee, lakini jibu la kukubali au kukataa upasuaji litoke kwake mwenyewe.

Bingwa anaweza kutoka idara ya upasuaji wa kurekebisha maumbile, ya masikio, pua na koo, ya kinywa na taya, au ya mishipa ya fahamu. Jina la idara si hoja. Uliza kama wana hadubini ya upasuaji na mashine ya kugusa neva kwa umeme wakati wa upasuaji, na kama yeye mwenyewe amewahi kuunganisha neva za uso. Ni maswali ya haki, na bingwa anayejiamini hayamkeri. Piga simu hospitali kabla ya kupanda basi, uulize kliniki hiyo huwa siku gani.

Kuhusu gharama, uliza mapema bima yako inalipa nini na haigusi nini: vipimo, chumba cha upasuaji, dawa, mazoezi ya baadaye. Asiye na bima na asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa. Akisubiri mpaka apewe bili, anajitafutia usumbufu.

Kina mama wanaofunika uso wajue kwamba watapigwa picha na video bila kifuniko. Una haki ya kuomba mhudumu mwanamke, na kuuliza picha zitatunzwa wapi na nani ataziona.

Hatua ya 5: Elewa neva itakayotolewa na unachokilipa

Upasuaji huu unachukua neva yenye kazi nyingine, au sehemu yake, na kuiunganisha na tawi linaloinua mdomo. Hakuna neva ya bure. Kila moja ina unachopata na unachoacha.

Inayotumika sana siku hizi ni ile ya msuli wa kutafunia, tawi la neva ya 5. Daktari wa upasuaji Spira aliandika kuhusu kuitumia kwa nusu ya chini ya uso mwaka 1978. Weka vidole kwenye pembe ya taya, kisha kaza meno: nyama inayojitokeza chini ya vidole ndiyo msuli wenyewe. Jaribu pande zote mbili. Kama upande uliopooza haujitokezi, au shavu lina ganzi, mwambie daktari, maana neva hiyo nayo inaweza kuwa imeumia. Uzuri wake ni kwamba ina nguvu, iko karibu na tawi la tabasamu, na mara nyingi haihitaji kipande cha neva cha kuungia. Mwendo wa kwanza huonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Kutafuna hakuharibiki kwa wengi, kwa sababu misuli mingine inasaidia. Unacholipa ni kwamba mwanzoni tabasamu linakuja ukikaza meno tu, na mdomo unaweza kuchezacheza unapokula. Kwa mazoezi wengi hufika mahali pa kutabasamu bila kukaza, lakini kicheko cha kushtukizwa hakimjii kila mtu.

Ya pili inatoka upande mzima wa uso. Daktari huchukua tawi dogo lisilo la lazima upande huo na kuliunga na kipande cha neva kutoka nyuma ya mguu chini ya goti, kinachopitishwa chini ya ngozi hadi shavu la pili. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1971. Kwa kuwa amri inatoka kwenye neva ya uso yenyewe, upande uliopooza unacheka pale mwenzake anapocheka, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Lakini safari ni ndefu, miezi 9 hadi mwaka, nguvu yake ni ndogo, na ukingo wa nje wa mguu unabaki na ganzi. Baadhi ya wapasuaji huunganisha mbinu zote mbili, moja kwa nguvu na nyingine kwa kicheko kinachokuja chenyewe.

Ya tatu ni neva ya ulimi. Ni ya zamani na ina nguvu, lakini ikikatwa yote, nusu ya ulimi inanywea na kusema na kumeza kunapata shida. Ndiyo maana sasa wengi huchukua sehemu yake tu. Kama kazi yako ni sauti, iwe ualimu, uimamu au kunadi samaki Deep Sea, litaje hilo mbele ya daktari kabla hajaamua.

Kwa aliyepooza nusu, swali la kuuliza kuliko yote ni hili: "Daktari, utafanyaje ili nisipoteze kile kinachofanya kazi sasa?" Jibu unalotaka kulisikia ni kwamba atagusa kila tawi kwa umeme, aone linachochezesha, kisha achague tawi dogo la mdomo bila kugusa la jicho, au ataunga neva mpya ubavuni mwa ile ya zamani bila kuikata yote. Akikwambia atakata shina zima la neva ya uso huku jicho lako linafumba, tafuta maoni ya pili kabla ya kusaini.

Pia kuna watu ambao neva yao imerudi kwa wingi ila imepotea njia: wakitabasamu jicho linajifunga, shavu linakakamaa na shingo inavutika. Hao misuli yao haijakosa neva, imepata amri zilizochanganyika. Mara nyingi husaidiwa na mazoezi maalumu na sindano ya botulinamu, dawa inayolegeza msuli, na kuwaongezea neva kabla ya kujaribu hayo ni haraka isiyo na faida.

Hatua ya 6: Jiandae, na upite siku ya upasuaji

Acha sigara na tumbaku wiki kadhaa kabla. Mwenye kisukari au presha avitulize kwanza. Taja dawa zote unazotumia, aspirini na dawa za mitishamba zikiwemo, maana nyingine huzidisha damu kutoka. Kabla ya dawa ya usingizi utaambiwa ukae bila chakula, kwa kawaida saa 6, na maji matupu yanakatazwa saa 2 za mwisho. Fuata saa utakazopewa. Kama Ramadhani iko karibu, panga tarehe mapema pamoja na daktari, kwa sababu wiki za kwanza zina dawa za mchana.

Jeraha hupita mbele ya sikio na kushuka kidogo kuelekea shingoni, na likipona hujificha kwenye mkunjo wa ngozi. Neva zinashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele chini ya hadubini. Baada ya hapo tazamia uvimbe na ganzi karibu na sikio. Rudi hospitali haraka ukiona shavu linavimba ghafla, usaha, homa, au maji maji yanayotoka kwenye jeraha kila unapokula, ambayo huenda ni mate ya tezi. Wiki za mwanzo kula vilaini: uji, mtori, viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha. Miwa, karanga na mishikaki visubiri ruhusa.

Hatua ya 7: Mazoezi, ambayo ndiyo nusu ya upasuaji

Miezi ya kwanza hakuna kinachotikisika, na wengi huvunjika moyo hapa. Shavu limenyamaza kwa sababu neva bado iko njiani. Kama umepewa neva ya kutafunia, kila asubuhi kaa mbele ya kioo, kaza meno ya nyuma taratibu, hesabu hadi 3, achia, huku macho yako yako kwenye kona ya mdomo. Ndugu wa nyumbani wajue ni miezi ya kungoja, wasiulize kila jioni "vipi, bado?"

Siku utakapoona mtikisiko, hata mdogo kiasi gani, andika tarehe. Kuanzia hapo fanya vipindi vifupi mara kadhaa kwa siku, dakika 5 hadi 10. Usifanye kimoja kirefu cha kuchosha. Kaza meno, kona ipande, ishikilie, ishushe polepole. Kushusha polepole ni muhimu sawa na kupandisha.

Kisha punguza nguvu. Kosa ninaloliona sana ni mgonjwa kukaza kwa nguvu zake zote ili kona ipande juu zaidi. Tabasamu la hivyo halifanani na la mtu, na taya linauma. Pandisha nusu tu, na upande mzima uuzuie nao usipande zaidi ya nusu, mpaka kioo kionyeshe pande mbili zinazokwenda pamoja. Heri tabasamu dogo lililo sawa kuliko kubwa lililopinda. Wala usitafune bigijii kutwa ukidhani unafanya mazoezi; unaufundisha mdomo kucheza wakati wa kutafuna, na hilo ndilo tunalotaka upunguze.

Baada ya hapo jaribu kupunguza kukaza kidogo kidogo, hadi ufikirie kukaza bila kukaza. Achanisha meno kwa upana wa karatasi, ukitabasamu hivyohivyo. Mwisho toka kwenye kioo: mwamkie jirani, ongea na muuza machungwa, tazama kichekesho na mtoto akurekodi bila kukuambia. Ubongo unajifunza polepole kwamba njia ya kutafuna sasa ni njia ya kucheka, na maendeleo huonekana kwa mwaka mzima na zaidi.

Ikifika mwezi wa 8 au wa 9 tangu upasuaji wa neva ya kutafunia na hakuna hata mtikisiko, rudi kwa aliyekupasua. Usihitimishe mwenyewe kwamba umeshindwa. Zipo njia nyingine zisizotegemea msuli wa zamani wa uso: kuhamisha msuli mwembamba wa paja pamoja na mishipa yake ya damu na neva, jambo lililoanza kufanyika mwaka 1976, au kuushusha msuli wa panja hadi kwenye kona ya mdomo. Nenda na daftari lako na video za kila mwezi, ili bingwa alinganishe mwezi wa kwanza na wa tisa kwa macho yake mwenyewe.